Mama Zege na Sakafu Aliyoibomoa Mwenyewe

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji. Mimi ninayesoma ni mdogo wake anayemfuata, na ndugu zangu wamenionya nisirefushe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Mwaka 1971 aliingia chuo cha ufundi, msichana peke yake katika darasa la watu thelathini na mmoja. Likizo ya kwanza alirudi na vipande viwili virefu vya zege alivyomimina mwenyewe, kimoja kitupu, kingine kina nondo nyembamba ndani. Alivilaza juu ya matofali, akaniamuru nisimame juu ya kimoja kimoja. Cha kwanza kilikatika nikakaa chini bila kupenda. Cha pili kilipata ufa, lakini kilinibeba. Akatueleza kwamba zege linavumilia kukandamizwa na chuma kinavumilia kuvutwa, ndiyo maana vinaunganishwa. Mama aliuliza kama somo hilo lilikuwa lazima lipitie kwenye kiuno cha mwanawe.

Mwaka 1975 aliajiriwa ofisi ya mhandisi wa mji, na jina la Mama Zege likamganda. Majengo ya fremu za chuma hakuyataka kabisa. Alisema yanaliwa na kutu, na moto ukiwaka chuma hulegea kabla watu hawajatoka.

Mwaka 1983 alichora ghorofa ya zege juu ya wodi ya zamani ya wazazi. Sakafu ikiwa imemwagwa nusu, aliona nyufa kwenye nguzo za chini. Alisimamisha kazi siku hiyo hiyo, akachimbisha kando ya msingi, akakuta ni mwembamba kuliko ramani ya zamani ilivyoonyesha. Ramani hiyo aliiamini bila kuchimba.

Kamati ya ujenzi ya mji ilipokutana, mwenyekiti alijaribu kumfungulia mlango wa kutokea. Aliuliza kama huenda mkandarasi alibania saruji. Dada alisimama.

"Mkandarasi amejenga nilichomchorea," alisema. "Kosa ni langu. Ibomolewe kabla hatujamlaza mzazi hata mmoja chini yake."

Ikabomolewa. Yeye akahamishiwa masjala kupanga mafaili. Nyumbani aliacha kuzungumza habari za kazi, na baba, ambaye alikuwa akijisifia binti yake kila kona, naye akanyamaza.

Lakini kabla ya kukabidhi meza yake, alikwenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea ambaye walikuwa wakibishana kila walipokutana kazini, akamwomba amfundishe. Fundi alimwonyesha kwamba fremu ya chuma ingekuwa nyepesi kiasi cha kubebwa na msingi ule, na ingefungwa kwa bolti ndani ya wiki chache, wakati zege linataka siku ishirini na nane kukomaa. Dada naye alimbana juu ya moto na kutu, mpaka wakakubaliana kila nguzo ipakwe dawa ya kutu na kuvikwa plasta nene. Akachora hivyo, akauacha mchoro pamoja na meza, na ndio uliojengwa. Ghorofa ilipofunguliwa Agosti 1985, hakualikwa. Alitazama kutoka ng'ambo ya barabara, fundi akiwa pembeni yake.

Wiki hiyo fundi alimposa. Alijibiwa asubiri siku ishirini na nane. Siku ya ishirini na tisa, asubuhi na mapema, alikuwa mlangoni kwa baba amevaa koti la kuazima. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, na mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwenye ghorofa ile ile mwaka 1987.

Alirudishwa kwenye uhandisi mwaka 1986, akastaafu mwaka 2011. Katika miaka hiyo yote hakupitisha mchoro wa msingi kabla ya yeye mwenyewe kuingia shimoni na viatu vyake.

Aprili 2021 alianguka bafuni akavunjika nyonga, akawekewa chuma. Alipozinduka alimwambia mumewe, "Sasa umeshinda." Januari 2023 moyo ulianza kuchoka. Alitulia mikononi mwa binti yake, nyumbani, Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake watatu. Shemeji tulimwomba aseme machache leo. Alitujibu kwamba kwa miaka thelathini na saba kila alilosema ndani ya nyumba yao lilijibiwa, na hawezi kusema neno mahali ambapo dada hatamjibu.

Mungu amlaze dada yetu pahali pa utulivu.