Mwalimu Damari Ntandu, Aliyewaketisha Wazazi Darasani

Baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na sita, Mwalimu Damari Ntandu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumikia shule yetu hapa Mandewa, akifundisha darasa la awali na kusimamia uandikishaji. Kama wewe ni mzazi wa shule hii, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyekuuliza maswali. Kama ni mwalimu mwenzake, bado anakuuliza.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Laurenti, mwalimu wa Hisabati, kwa sababu wenzangu wanadai nimeulizwa kuliko wote. Sibishi. Mwalimu Damari anataka kujua kila kitu: kwa nini alizeti za mwaka huu zina vichwa vidogo, nani aliamua saa iwe na dakika sitini, mke wangu anaweka nini kwenye mlenda hata ukawa vile. Chai yake ya mapumziko humpolea mkononi kila siku. Jamani, miaka yote hii sijamwona akinywa chai ya moto.

Alizaliwa Ikungi, akasomea ualimu, na kituo chake cha kwanza kikawa Kintinku, wilayani Manyoni. Enzi hizo wazee wengi walipima umri wa kuanza shule kwa mkono. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, na akilishika sikio la upande wa pili, basi yuko tayari. Siku moja babu mmoja, Mzee Kefa, alimleta mjukuu wake. Mkono ukagoma kufika sikioni, babu akageuka arudi naye nyumbani mpaka mwakani. Mwalimu Damari, wakati huo binti mgeni kazini, alimpa shikamoo yake vizuri, kisha akajipima mwenyewe mbele yake. Alikuwa amefunga kilemba kikubwa, naye hakufika. Akamuuliza mzee kwa heshima kama na yeye arudi kwao mpaka mwakani.

Mzee Kefa alicheka mpaka akaegemea fimbo. Mwalimu akamwomba aketi dawatini na mjukuu wake asubuhi ile, aone mwenyewe kama mtoto anaweza au hawezi. Mzee akakaa hadi mapumziko, akaimba irabu pamoja na watoto, na mjukuu akaandikishwa siku hiyohiyo.

Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wake, na alipohamia Mandewa akaja nao. Mzazi akifika kuandikisha mtoto, haelezwi akiwa amesimama dirishani. Anapelekwa. Anaketi kidogo awali, kwenye viti vile vya chini ambavyo magoti yanakuja kidevuni. Anaketi darasa la kwanza. Anaketi la nne, aambiwe kuwa hapa mtoto atafanya upimaji, kisha la saba, penye mtihani wa kumaliza. Huko ndiko mwalimu anakomwonyesha kwa kidole, kupitia dirishani, paa la sekondari ya jirani, na kumwambia kuwa kule wanahesabu upya tangu kidato cha kwanza, na masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Kila darasa linasimama na kumwamkia. Wazazi wa hapahapa hunung'unika kuwa wao shule wanaijua, wameisoma. Lakini wageni hutoka pale na nyuso nyingine kabisa. Mzazi aliyetoka nchi nyingine ukimtajia kidato anaitikia kwa adabu tu, hajui kama ni darasa au ni ugonjwa.

Kati ya wote niliowaona wakipitishwa madarasani, nitamtaja mmoja, Mama Numbi.

Alifika mwezi wa Julai, miaka minne iliyopita, akitokea Lubumbashi, Kongo. Mume wake ni fundi wa mashine za kusaga mawe, alikuwa amepata kazi kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Sekenke, na familia ikapanga nyumba huku Mandewa ili watoto wasome. Binti yao mkubwa, Numbi, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mwaka wa tano wa shule ya msingi. Kwao masomo huanza Septemba na kuisha katikati ya mwaka, na shule ya msingi ni miaka sita. Hesabu ya mama ilikuwa fupi: mtoto ameingia la sita, bado mwaka mmoja tu. Akakuta kwetu darasa la sita limeshafika katikati, na mbele yake kuna la saba ambalo hajawahi kulisikia.

Mwalimu mkuu wa wakati ule naye alikuwa na wasiwasi wake. Mtoto alisoma kwa Kifaransa, na Kiswahili cha nyumbani kwao si cha vitabu vyetu. Akaona salama ni darasa la nne. Mama Numbi aliposikia hivyo machozi yalimtoka hapohapo ofisini. Alisema kama ni la nne, basi mtoto atarudi Lubumbashi kwa bibi yake, wiki hiyohiyo, na watu wanaosafiri, wazazi wake wabaki huku. Waliokuwa ofisini walimwona kuwa hatanii. Binti wa miaka kumi na moja alikuwa anakaribia kutenganishwa na mama yake kwa sababu ya namba ya darasa.

Wakati hayo yanasemwa, Numbi alikuwa amesimama nje ukutani, akisubiri. Sasa, sare za shule za Kongo nazo ni shati jeupe na sketi ya bluu, na mama yake alikuwa amemvalisha vizuri kwa ajili ya siku hiyo. Mwalimu wa zamu alikuwa Festo, ambaye wote tunamjua: akiona sare iko nje baada ya kengele, haulizi. Alimsukuma pamoja na wachelewaji wengine, na Numbi, mtoto mwenye adabu, akaenda walikokwenda wenzake. Wakaingia darasa la tano. Langu.

Darasa lenye watoto zaidi ya themanini, uso mmoja mpya hauuoni. Niliandika swali la kugawanya ubaoni, mkono ukanyooshwa nyuma, nikamwita. Akaja, akachora mstari wa kushuka, kigawanyo akakiweka kulia, jibu akaliandika chini yake. Darasa zima likacheka. Mimi nilishachukua dasta nifute, kisha nikaliangalia jibu. Lilikuwa sahihi. Aisee, nilisimama pale na dasta mkononi, sijui nifute au niache.

Nje kukawa na kizaazaa, mama ametoka ofisini na mtoto hayupo. Anaita, analia, walimu wanakimbilia barabarani. Mwalimu Damari hakukimbilia barabarani. Alimshika mama mkono na kupita naye darasa kwa darasa, mpaka wakafika kwangu. Mama alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. Festo hadi leo anajitetea kuwa sare ilikuwa safi mno kuwa ya mgeni.

Basi hapo mtu mwingine angemtoa mtoto darasani, kesi irudi ofisini. Mwalimu Damari aliona ubao. Akauliza nani ameandika vile, akajibana kwenye dawati la nyuma, akamvuta na mama aketi pembeni yake, akamwomba Numbi aeleze tena polepole. Numbi akaeleza. Neno la shule likimshinda, Magreth, aliyekaa dawati la mbele, anamnong'oneza, naye anaendelea. Kisha mwalimu akachukua chaki ajaribu mwenyewe, akakosea, na mtoto akamsahihisha. Mama Numbi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie getini. Alikuwa anamwona binti yake akifundisha, na watoto themanini wanamsikiliza.

Ndipo Mwalimu Damari akamwambia yale ninayoyakumbuka neno kwa neno: "Mama Numbi, mtoto wako hajarudishwa. Kalenda zetu ndizo hazikusubiriana. Akae hapa alipo, na mwezi wa kwanza ataingia la sita na wenzake hawahawa."

Mama aliwatazama wale watoto. Akasema, "Kama ni hapa, atabaki."

Kazi ya kumwelewesha mwalimu mkuu ilibaki kwa Damari, naye akaifanya. Aliomba mtoto ajaribiwe la tano hadi Desemba, na akaahidi kuwa akishindwa, yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza mama. Ruhusa ya ofisi ya elimu ikapatikana. Mchana, baada ya masomo, alimpa Numbi kazi ya kuwasomea hadithi watoto wa awali. Watoto wa awali hawana huruma, ukikosea neno wanakusahihisha kwa sauti moja. Desemba Numbi hakuwa wa kwanza wala hakuwa wa mwisho, akavuka. Leo yuko kidato cha pili, na jioni anarudi kwa mama yake, hapahapa Mandewa.

Sasa nieleze la wiki iliyopita, maana bila hilo wasifu huu haujakamilika.

Mwalimu Damari haendi kupumzika Ikungi kama tulivyodhani. Binti yake Janeth ni muuguzi Ndola, Zambia, na amemwomba mama aende akae na mjukuu, ambaye mwakani anaanza shule. Wazazi wake wanafanya kazi kwa zamu, kwa hiyo atakayempeleka kuandikishwa ni bibi. Alituambia habari hiyo ofisini, na safari hii hakuwa anacheka. Alisema anaogopa. Hajui kule wanaanza na umri gani, madarasa wanayaitaje, mtoto anayejua Kiswahili tu watamweka wapi. Kengele ya vipindi ikalia, nikaenda kufundisha.

Mama Numbi alikuwa pale ofisini, amekuja kumuaga mwalimu, na aliyasikia hayo yote. Kutoka kwao Lubumbashi hadi Ndola si mbali, ni kuvuka mpaka tu, na dada yake amesomesha watoto huko. Alimshika Mwalimu Damari mkono, kama yeye alivyoshikwa siku ile, akaja naye hadi darasani kwangu, akamketisha dawati la nyuma. Nikaacha kufundisha. Mwalimu aliuliza, Mama Numbi akajibu, mpaka kengele ikalia. Walipoinuka, Mama Numbi akamwambia, "Ukifika, mwalimu, usibaki ofisini. Omba ukae na mtoto darasani."

Mwalimu Damari, kwa niaba ya walimu, watoto na wazazi wote uliowabana kwenye madawati yetu, asante. Tutakukosa sana, na maswali yako pia. Nenda salama Ndola. Tunakutakia afya, majirani wasiochoka kuulizwa, walau kikombe kimoja cha chai ya moto, na siku ya kwanza ya shule, mwalimu wa huko akuone umesimama na mjukuu mlangoni, akusogezee dawati.