Tunda Lenye Uzi Mwekundu Bondeni Mollo

Ndugu waombolezaji, baba paroko, wazee wetu na majirani wote, familia imenipa mimi Adolfu, mdogo wake marehemu niliyemfuata kuzaliwa, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na nitayasoma yote, hata pale ninapoona aibu.

Marehemu Kornel Kasmir alizaliwa tarehe 14 Mei 1943 hapa Mollo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kasmir na Mama Fransiska, akasoma shule hapa nyumbani na baadaye Sumbawanga mjini hadi mwaka 1958, akalima na baba kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1964 akaenda kusomea kilimo mkoani Mbeya. Aliajiriwa bwana shamba mwaka 1966, akahudumu Kasanga, Laela na hapa wilayani, hadi tarehe 30 Juni 1993 watumishi walipopunguzwa na yeye akiwamo. Tarehe 16 Agosti 1969 alifunga ndoa na shemeji yetu Otilia, wakajaliwa watoto watano na wajukuu tisa.

Miaka hiyo biashara ilipofunguliwa, wanunuzi walifika Majengo mjini kutafuta chikanda, vile viazi vya maua ya okidi ya bondeni, wavipeleke Zambia vikaliwe, nasi tukachimba bila kubakiza. Kaka aliona bonde linaisha, akataka kupata okidi yenye kiazi kikubwa ambayo mtu angeipanda shambani kwake, akazigeukia aina mbili zilizo ndugu, ya rangi ya waridi inayochanua Januari na ya njano inayochanua mwishoni mwa Februari, ambazo huota bega kwa bega wala hazipandani, kwa kuwa moja inapofungua maua nyingine imeshanyauka. Alihifadhi chavua ya waridi katika kichupa cha dawa chenye mchele mkavu, Februari 1994 akaipaka kwenye ua la njano kwa njiti ya kiberiti, na mbegu zake, laini kama vumbi la unga, akazimwaga palepale chini ya mmea mama, ule wa njano, maana kwingine zilikataa kuota.

Ulitoka mche mmoja tu, ukachanua Februari 1999, akachomeka kijiti pembeni yake, na mwezi Juni majani yalipokauka kiazi chake kikachimbwa na kuuzwa. Kaka aliuliza Mollo nzima nani amechimba, nyumba kwa nyumba, isipokuwa kwangu. Ndugu zangu, ni mimi niliyechimba, nilikiona kile kijiti nikadhani mchimbaji mwenzangu ameweka alama ili arudi, nikamuwahi, na kwa miaka saba nimekula naye sahani moja bila kumwambia.

Alianza upya mwaka 2000, mche wa pili ukachanua Februari 2005, lakini alipoupaka chavua yake wenyewe matunda yalidondoka matupu. Tarehe 6 Februari mwaka huu aliupaka chavua ya aina iliyouzaa kama baba, ile ya waridi, tunda moja likashika, akalifunga uzi mwekundu, na tarehe 20 akanipeleka bondeni, akanionyesha kijiti, akaniambia, Adolfu, hili utalilinda wewe. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alijua siku zote.

Tarehe 2 Machi 2006 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali ya mkoa, na akafariki tarehe 9 Machi saa nne asubuhi. Tunda bado bichi, litakomaa mwezi wa tano, na kama lina mbegu hai au ni tupu hakuna ajuaye, wala yeye hakujua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, na mabwana shamba wenzake mliotoka mbali. Wachimbaji wenzangu, mkikiona kile kijiti, piteni mbali.

Kaka Kornel, nisamehe. Jembe langu nimeliacha nyumbani, na tangu juzi nashinda bondeni. Pumzika kwa amani.