Mzee Vallabhdas, Aliyemwamsha Mungu Kila Alfajiri

Ndugu waombolezaji, kwao Wahindu marehemu hasomewi historia, lakini sisi wa Bariadi hatumsindikizi mtu kimyakimya kama mgeni, kwa hiyo binti yake Nirmala ameniruhusu mimi Masunga, jirani yake, niisome.

Mzee Vallabhdas Ranchod alizaliwa Malampaka tarehe 12 Machi 1931, akasoma Mwanza hadi darasa la nane, mwaka 1949 akaja hapa kuuza vitambaa, na mwaka 1955 akamwoa Savita, wakajaliwa huyu Nirmala peke yake.

Mwaka 1958 Wahindu wa hapa walijenga hekalu kwa kufuata Agama, maandiko yao yanayoamuru mlango uelekee wapi na mungu ahudumiwe vipi, na fundi Mhoja wa Kasoli alibomolewa ukuta mara mbili kwa kosa la upana wa vidole vinne, hadi akauliza kama huyo mungu anakuja kukaa au kukagua.

Maandiko hayo yanasema mungu akishakaribishwa ndani ya sanamu, aamshwe kila alfajiri, aogeshwe, alishwe, alazwe mchana, bila kukosa hata siku moja, na kazi hiyo alipewa marehemu, hata duka likawa linafungwa saa saba, tukajua mjini hapa yuko bosi mmoja tu anayelala mchana kihalali.

Savita alifariki mwaka 1988, biashara ikafunguliwa nchini, wenzake wakahamia Dar es Salaam kufuata soko, nyumba moja baada ya nyingine, na mwaka 1992 Mhindu alibaki yeye tu, na kengele ya kumwamshia mungu, na ufunguo wa hekalu. Mwaka huohuo Nirmala aliolewa huko Dar es Salaam, baba yake hakwenda, maana hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia chumba cha ndani cha mungu, akakaa barazani na suti mpya tangu asubuhi, tukapita kumpongeza mmoja mmoja, tulipokwisha akabaki nayo.

Mwaka 1996 moyo ulianza kumsumbua, na tarehe 14 Juni mwaka huu wa 1997 kuhani alikuja kutoka Mwanza, akamuaga mungu kwa taratibu zote, akaondoka na sanamu. Marehemu akatutangazia kwamba yuko likizo, ya kwanza baada ya miaka thelathini na tisa, akakata tiketi ya Jumatatu tarehe 23, aende kumbeba mjukuu ambaye hajapata kumwona.

Alhamisi tarehe 19 alfajiri, Minza, aliyepeleka maziwa ya mungu kila siku, na ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia aache, alimkuta ameketi kwenye ngazi ya hekalu tupu, ameshaoga, kengele mkononi, amefariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyabiashara wenzake, majirani wote, na Minza, ambaye hata leo amekuja na maziwa. Mjukuu naye amefika, Mzee, ndiye huyo anayelia kuliko sisi sote.

Pumzika kwa amani, na kesho usiamke mapema.