Mzee Zamu na Dakika Ishirini na Tano

Kabla ya miaka na tarehe, naomba niungame jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Miaka mitano iliyopita, nikiwa darasa la saba, niliiba maji ya skimu hii ya umwagiliaji. Sikuyaiba kwa ndoo wala kwa kuvunja lango. Niliyaiba kwa kengele ya shule. Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu bila hilo wasifu huu hautakuwa wa kweli, na anayeagwa hapa hastahili wasifu wa uongo.

Sasa miaka na tarehe. Mgawa maji wetu, ambaye sote tunamwita Mzee Zamu, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Mimi nina miezi mitatu tu hapa, karani wa muda niliyetoka shule juzi. Meneja alinipa kazi ya kuandika kwa sababu wengine wote walisema wana shughuli, na mimi sijui kukataa.

Alianza kama kibarua wa kuzoa tope kwenye mfereji mkuu. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza, kazi ilipoisha, vibarua wenzake waliuliza chakula kiko wapi, yeye akauliza haya maji yanakwenda kwa nani. Msimamizi wa wakati huo akamwambia aufuate mfereji akaone mwenyewe. Aliufuata mpaka mwisho, akarudi jioni akiwa na matope hadi kiunoni, akasema kule kuna watu wanasubiri maji na hayajafika. Wiki iliyofuata alikabidhiwa ufunguo wa lango la kwanza. Tangu hapo ametembea kilomita tisa kila siku kando ya mfereji, kutoka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, mpaka tawi la sita. Amevaa mabuti ya mpira, mkononi ana fimbo yenye alama za kisu za kupimia kina cha maji.

Mabuti hayo ni sehemu ya mwili wake. Binti wa mhasibu wetu alipoolewa, Mzee Zamu alikuja na viatu vya ngozi, na mhasibu akampokea kwa heshima zote na kumkalisha upande wa wakwe. Alikula huko, akashukuru, akatoa hata nasaha kwa niaba ya ukoo wa bwana harusi. Mhasibu alimtambua siku ya pili alipomwona langoni.

Kazi ya kufungua na kufunga lango inaonekana ndogo kwa asiyejua maji yanabeba nini. Mama ananiambia kwamba kabla ya mfereji watu walilima mara moja kwa mwaka, na mvua ikigoma, akina baba walifunga mizigo kwenda kutafuta vibarua mbali. Babu yangu aliondoka hivyo mara tatu. Mara ya tatu aliporudi alimkuta mama ameshaolewa. Siku hizi tunavuna mara tatu kwa mwaka. Bati la nyumba yetu, sare zangu zote za shule na miwani ya bibi vimetoka kwenye shamba lisilofika nusu ekari, kwa sababu tu kila baada ya siku nane maji hupita pale kwa muda wa saa tatu.

Ndiyo maana mtu akija kuposa hapa, mashangazi huuliza kwanza shamba lao liko tawi la ngapi. Mzee Zamu ameshaitwa mara mbili kwenye vikao vya posa ili athibitishe kwamba maji kweli yanafika. Mara ya pili alisema yanafika, ila yakifika yanakuwa yamechoka. Posa ilikubaliwa hata hivyo, na leo wale wana watoto wanne.

Taarifa zake za kila siku zimejaza makabati mawili. Nimezisoma nyingi. Karibu zote zina maneno manne: "Maji yapo. Watu wapo." Mwaka wa ukame mkubwa aliandika: "Maji hakuna. Watu wapo sana." Meneja aliyekuwepo alimrudishia karatasi akitaka maelezo zaidi. Akaongeza maneno mawili: "Wana majembe."

Niifikie kengele. Wageni hushangaa kwamba zamu za maji hapa hubadilishwa kwa kengele ya shule ya msingi: ya saa mbili asubuhi, ya saa nne, ya saa saba na ya saa kumi. Waliwahi kujaribu simu. Simu nne zilionyesha nyakati nne tofauti, na watu wawili wakainuliana majembe kwa ajili ya dakika sita. Tangu hapo kamati ilirudi kwenye kengele. Ikilia, lango linafungwa, na hakuna mjadala.

Mwaka ule kiranja wa kengele nilikuwa mimi. Vitunguu vya mama vilikuwa vinaanza kutia vichwa, na zamu iliyotangulia tuliikosa kwa sababu banio lilikuwa linatengenezwa. Shamba letu liko tawi la nne. Zamu yetu ilikuwa saa nne mpaka saa saba. Asubuhi mama aliniambia, huku akitafuta jembe lake nyuma ya mlango: "Leo yakikatika kabla ya matuta ya mwisho, basi mwanangu, sekondari tutaisikia kwa wenzetu." Hakunituma kufanya lolote.

Walimu walikuwa kwenye kikao. Nilipanda juu ya kiti ofisini, nikarudisha nyuma mshale wa saa ya ukutani, na kengele ya saa saba ikalia saa saba na dakika ishirini na tano. Wenzangu walilalamika njaa, hakuna aliyeshuku kitu. Baada ya chakula nikaurudisha mshale mahali pake.

Aliyezilipia dakika zile ni mama mmoja mjane mwenye shamba la mwisho kabisa la tawi la sita. Tunamwita Mama Mkiani kwa sababu yuko mkiani mwa mfereji. Siku ile tawi lao lilikuwa linapokea maji baada ya letu, yeye akiwa na nusu saa ya mwisho, na maji huchukua karibu saa nzima kutembea mpaka kwake. Siku ile yalifika, yakalowesha nyayo zake, yakakatika. Miche yake yote ya nyanya ilikauka kabla ya zamu nyingine.

Nimesoma muhtasari wa kikao cha kamati alichokwenda kulalamika. Katibu wa siku hizo alikuwa anaandika kila neno. Mama Mkiani alisema: "Mimi sidai mvua, wazee wangu. Nadai zamu yangu." Mwenyekiti akamgeukia mgawa maji, akamuuliza alifunga lango la tawi la nne saa ngapi.

"Nilichelewa," akajibu.

"Ulichelewa kwa nini?"

"Nilichelewa tu, mwenyekiti."

Alipewa barua ya onyo. Ni moja tu katika miaka thelathini na mmoja, na imekaa juu kabisa ya faili lake. Wafanyakazi wenzangu mnajua maana yake. Kwenye ukuta wa banio yameandikwa kwa rangi majina ya wagawa maji watatu waliomaliza kazi bila onyo, na kwa utaratibu wetu jina lake haliwezi kuwa la nne.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye faili. Yeye pia ana shamba, tawi la tatu. Zamu tatu zilizofuata, lango la shamba lake lilibaki limefungwa na maji yake yakaenda kwa Mama Mkiani, aliyeotesha miche mipya. Mkewe alisema mbele ya wanawake waliokuwa wakifua: "Wenzangu mmeolewa na wakulima. Mimi nimeolewa na mfereji, na bado bamia zangu zinakufa kwa kiu." Hakuambiwa sababu.

Wiki mbili zilizopita Mzee Zamu alikuja ofisini kujaza fomu za kustaafu. Barua ile ilikuwa wazi mezani kwangu. Aliitazama, akasema, "Hiyo iache ilivyo." Nikajikaza, nikaanza kusema kwamba siku ile kengele... Hakuniacha nimalize.

"Ilichelewa. Najua, binti yangu. Kivuli cha lango kilikuwa kimeshalivuka jiwe langu la saa saba."

Nilimuuliza mbona hakusema. Alijikuna kichwa kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao.

"Ningesema kengele imekosea, kesho yake kila mtu angekuja langoni na simu yake. Afadhali waone mimi ni mzembe kuliko waone kengele ni mwongo. Mzembe anaandikiwa barua, yanaisha. Kengele utaiandikia nini?"

Halafu akauliza kama vile vitunguu vilikua. Nikasema vilikua, tena vizuri. "Basi nionyeshe pa kusaini, mama watoto ananisubiri." Akasaini, akaondoka, na mabuti yake yakaacha tope kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki.

Vitunguu vile ndivyo vilivyonipeleka sekondari, na sekondari ndiyo iliyonileta kwenye meza hii. Kwa hiyo namwomba meneja, ambaye ataisoma karatasi hii kabla ya wengine, aitoe barua ya onyo kwenye faili na kuweka maneno yangu mahali pake. Kosa lilikuwa langu. Kama ipo barua ya kuandikwa, iandikwe kwa jina langu, nitaipokea. Ijumaa fundi rangi anakuja kupaka upya ukuta wa banio. Nafasi chini ya jina la tatu ipo. Nimekwenda kuipima kwa rula, na jina lake halisi, ambalo nimelijua kwenye faili tu, linaenea vizuri.

Mzee wetu, asante kwa kutembea mpaka mwisho wa mfereji siku ya kwanza, na kila siku baada ya hiyo. Asante kwa mashamba mia nne ambayo hujawahi kuyaita kwa namba, bali kwa watu wanaokula humo. Nenda ukapumzike na mkeo. Magoti yako yapone, bamia zenu zishibe maji, na usiku ukisikia mfereji unabubujika, geuka upande wa pili uendelee kulala, maana sasa kuna mwingine wa kuamka. Sisi sote wa ofisi hii tunakuombea maisha marefu yenye heri.

Mama Mkiani na mama yangu nitawaendea mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na nitakubali watakachoniambia. Ila ninyi wenzangu kumi na mmoja mnaosoma karatasi hii ya ndani, ninawaomba kitu kimoja. Programu ya wageni wa sherehe ya kumuaga itakuwa na miaka na tarehe peke yake. Hapo nje kuna familia mia nne, na kesho saa saba mchana zitakuwa zimeegemea majembe zikiisikiliza kengele, na lango litafungwa bila mtu kuuliza. Tafadhali, haya niliyoandika yaishie kwenu.