Picha ya Dakika Mbili ya Feryal Iskandar

Dada yetu Feryal Iskandar Ghali alizaliwa Shubra, Kairo, tarehe 4 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa fundi saa. Mimi Afaf ninayesoma haya ndimi kitindamimba, kwa hiyo amri zake zote ziliniishia mimi.

Alisoma kwa masista hapo hapo Shubra, kisha akahitimu chuo cha sinema huko Giza mwaka 1970.

Kwa miaka mingi alihariri filamu kwa mikasi na utepe wa gundi. Kukosea kulikuwa hasara, hivyo aliutazama mkanda wote kwanza, akashika pumzi pamoja na mwigizaji. Mwigizaji akipumua, ndipo alipokata. Kompyuta zilipoingia alijifunza, wala hakuzichukia. Waliomchosha, na kunichosha mimi msikilizaji wa malalamiko yake, ni waongozaji waliopiga picha za kila kitu kutoka kila pembe wakisema, "Tutaamua baadaye, Madam." Hawakuamua. Walikatakata tu, uso haujatulia, wameshauondoa.

Aliolewa na Wagdi, fundi sauti, tarehe 8 Oktoba 1978. Alifika kanisani kipande cha mkanda kimenasa kwenye shela.

"Hata leo, Feryal?" Wagdi alinong'ona.

"Usikitupe, nakihitaji kesho."

Saratani ya ini iligunduliwa Novemba 2017, mwanawe Bassem akitengeneza filamu yake ya kwanza. Feryal aliketi naye, akashikilia picha moja ibaki dakika mbili bila kukatwa: mama anachambua mchele, anangoja simu ya mwanawe.

"Mama, watu watalala!"

"Watalala wenye usingizi wao. Wewe mtu hujamtazama, ushamkata!"

Mtoto akakata, mama akarudisha. Akakata tena, akarudisha tena. Kwenye kompyuta hakuna kinachokatwa kikakatika. Nilitamani kuizima na wote wawili ndani yake.

Alifariki hospitalini Jumanne, 12 Februari 2019. Asubuhi hiyo aliuliza, "Umeiacha picha ile?" Bassem akajibu, "Tutaona, mama." Tutaona! Mtu anakata roho, anaambiwa tutaona.

Ameacha mumewe Wagdi, mwanawe Bassem, mjukuu wake Marina, na mimi mdogo wake. Mungu ampumzishe kwa amani.

Nawe Bassem, filamu unaikabidhi kesho. Ukiikata picha ile safari hii, hakuna wa kuirudisha.