Kigari Kinachotakiwa Kisitembee

Kijiwe chetu kipo Temeke, ukutani mwa karakana ya Twalib, fundi wa kuchomelea vyuma. Jina la Twalib analitumia mkewe peke yake, sie wengine tunamwita Spana. Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na ukikaa upande wa kushoto omba Mungu aliyekaa kulia asinyanyuke ghafla. Mashaka muuza kahawa anafika asubuhi na birika lake na kashata zake, na mpaka birika likauke hakuna jambo la nchi hii wala ya jirani ambalo halijatolewa hukumu. Mie nimekaa hapo miaka mingi. Nimesikia upuuzi mwingi, na mwingine nimeusema mwenyewe. Lakini Jumamosi ile nilishtuka mpaka kashata ikaniponyoka mkononi, ikaanguka mchangani, na sikuiokota.

Mbele ya mlango wa Spana palikuwa na kigari cha mtoto, cha pedeli, chekundu. Vile vya zamani hasa, bati tupu, kizito, taa mbili zimetoka mbele kama macho ya chura, usukani mweupe umepasuka kidogo. Spana alikuwa amekipindua chali. Mashine ya kuchomelea ilikuwa inaunguruma pembeni, na yeye amesimama tu na uso wa mtu aliyetumwa kuchinja mbuzi wa jirani.

Mie: Vipi Spana, kimekushinda?

Spana: Kinishinde mie? Nimekiosha kwa mafuta ya taa, nimekipiga brashi, pedeli zinazunguka safi. Ishu ni kazi yenyewe niliyopewa.

Mie: Kazi gani?

Spana: Mwenyewe kasema nichomelee pedeli. Nizifunge kabisa. Kisitembee.

Hapo ndipo kashata ilipodondoka.

Mudathir akainuka kwa mshtuko, benchi likapinduka, mie nikajikuta chini. Mudathir ni wakala wa kutoa mizigo kule Kurasini, tunamwita Kibali, kwa sababu toka tumfahamu kila mzigo wake kibali kinatoka kesho.

Kibali: Rudia hapo!

Spana: Kuna mwanamama wa Madale. Kaja juzi na gari lake, kakishusha hiki. Nikamuuliza, dada, nikurudishie kitembee? Akasema, kitembee kiende wapi? Funga. Kisisogee hata hatua. Leo saa nne anakipitia.

Mkaguzi: Mungu wangu! Mungu wangu mie!

Huyo ni Mzee Revelian, mtu wa Bukoba, mkaguzi wa shule mstaafu. Kustaafu kastaafu mshahara tu, ukaguzi bado anaendelea nao. Hata kikombe cha kahawa anakigeuza kwanza aangalie kitako.

Mkaguzi: Hili si jambo dogo, bwana. Gari lisilokwenda siyo gari. Hilo ni kabati.

Kibali: Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Mkaguzi: Inaingiaje hapa?

Kibali: Sasa si mwenda pole huyo. Je, asiyekwenda kabisa?

Mkaguzi: Kunywa kahawa, Mudathir.

Spana hakucheka. Akakaa kwenye tairi lake bovu, akakishika kigari usukani kwa vidole viwili.

Spana: Nyie fanyeni masihara. Mie kigari kama hiki nimekililia. Utotoni kulikuwa na nyumba za mabosi kule Kurasini, na mtoto mmoja anaitwa Benson baba yake alimletea kutoka ng'ambo. Tulikuwa tunatoka huku kwa miguu, kundi zima, kwenda kukisukuma. Yeye amekaa, sie nyuma. Kaniambia, Twalib, ukinisukuma mwezi mzima wa Ramadhani, Idi mosi unakaa wewe. Nikasukuma, na swaumu yangu ya kwanza mdomoni. Idi mosi nimevaa kanzu mpya, nafika pale, geti limefungwa. Baba yake kahamishwa.

Mashaka: Lahaula!

Spana: Sijakaa mpaka leo. Sasa kimekuja chenyewe mpaka mlangoni kwangu, halafu naambiwa nikiue kwa mkono wangu. Toka alfajiri nawasha mashine nazima.

Mashaka akamjazia kikombe. Sie huzuni ya mwenzetu huwa tunaitibu kwa fiksi.

Mkaguzi: Mie nilikiendesha. Kule kwetu misheni kulikuwa na daktari Mzungu, mwanawe alikuwa nacho cha bluu. Alinipa mwenyewe. Nikateremka nacho mlima wote, nikipita migombani, mpaka ziwani.

Kibali: Mpaka ziwani?

Mkaguzi: Wavuvi walisimama wakapiga makofi.

Kibali: Cha kwetu kilikuwa na gia nne na redio.

Mie: Acha fiksi, Kibali! Nyie mlikuwa mnakaa chumba kimoja na mabata.

Kibali: Na mabata yalikuwa yanapanda nyuma!

Mie nikasema la kwangu, na la kwangu lilikuwa la kweli. Nilikuwaga na gari la waya, tairi za malapa, taa za visoda, naliongoza na fimbo ndefu nikikimbia nyuma yake, na kwenye kona nalia breki kwa mdomo. Lilikuwa lori. Nilibebea mchanga wa nyumba nzima ya babu. Mwanangu nilimtengenezea kama lile, akalitazama, akaniuliza linachajiwa wapi.

Spana: Turudi hapa jamani. Kwa nini mtu mwenye akili zake afunge miguu ya kigari cha mtoto?

Kibali: Ushuru. Nisikilizeni mie ndiyo kazi yangu. Kitu chenye magurudumu manne, usukani na kinatembea, hicho ni gari. Kikiacha kutembea kinakuwa fanicha. Yule mama kapewa mchongo na mtu mjanja.

Mkaguzi: Hapana. Mie nimefika Madale, nimeona kwa macho yangu haya. Nimeona baiskeli imetundikwa ukutani sebuleni. Nimeona cherehani ya mguu imegeuzwa meza ya taa. Nimeona kinu, kinu cha kutwangia, kimepandwa maua!

Mashaka: Kinu kinapandwa maua? Astaghfirullah!

Mkaguzi: Na mchi umesimamishwa pembeni umepakwa rangi ya dhahabu! Watu wamepata, wamepanda vilimani, sasa wanarudi kununua shida zetu za zamani wakazitundike. Hiki nacho kinakwenda kuwekewa ua kwenye kiti.

Spana akakifunika kiti cha kigari kwa kiganja.

Mashaka: Mnazunguka mbuyu. Hicho kigari kina mwenyewe ndani. Kule kwa shemeji yangu kulikuwa na doli linaamka linakunywa maziwa ya mtoto. Mama wa watu kaona kigari kinatoka chenyewe, kaamua kukifunga pingu.

Mie: Mashaka, mimina kahawa.

Mashaka: Namimina, ila mie sikigusi.

Kibali akashusha sauti. Akishusha sauti ujue anapanda daraja la fiksi.

Kibali: Nyie watoto. Hii ni mipango. Hawa wenye michezo ya kwenye simu wana watu wao wanazunguka nchi nzima wanazima vya zamani kimoja kimoja, ili mtoto asiwe na pa kukimbilia. Mnabisha? Malapa ya siku hizi yakikatwa tairi linapasuka. Kwa nini? Visoda vya chuma viko wapi? Chupa zote plastiki. Tiara tulikuwa tunatengeneza kwa magazeti, magazeti yamehamia kwenye simu. Pia za kuzungusha huzioni, gololi huzioni, ringi la baiskeli ukiliacha nje mtu wa chuma chakavu kashalibeba. Mnadhani bahati mbaya? Na leo wamefika kwa Spana.

Nitasema ukweli, niliamini. Nilitazama mashine ya kuchomelea nikaiona kama silaha.

Mkaguzi: Hili lazima tulizuie.

Kibali: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Spana: Sasa mie nikichomelea si ndiyo nakuwa nimeziba?

Kibali: Ndiyo maana nakwambia usizibe!

Kwa methali hiyo iliyosimama kichwa chini, kijiwe kikapitisha azimio: kigari hakichomelewi. Spana akazima mashine. Akachota grisi kwa kidole, akapaka kila panapokutana chuma na chuma, taratibu. Akakigeuza, akakisukuma kidogo kwa mguu. Kikatoka! Kikakata mbele ya benchi, kimya kabisa, pedeli zinapanda na kushuka zenyewe, kikafika kwenye mchanga wa barabarani kikasimama. Tulipiga kelele mpaka mama wa chapati akatoka na mwiko. Spana alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye grisi, amejichafua uso mzima.

Basi hapo hapo ndipo gari la mwanamama lilipoingia.

Akashuka, mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge juu ya suruali, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

Mwanamama: Shikamooni wazee.

Sote: Marahaba.

Spana: Karibu, dada Sekela.

Macho yakampita Spana. Alikuwa amekiona kigari kule mchangani. Akakiendea, akaweka ncha ya kiatu kwenye pedeli, akakanyaga. Pedeli ikazunguka laini, kigari kikasogea. Akaruka nyuma kama kakanyaga nyoka.

Sekela: Fundi! Nilikuomba nini?

Mkaguzi akasimama, akafunga kifungo cha shati.

Mkaguzi: Mama, nilaumu mie mzee, si fundi. Sisi tumekaa hapa tumeliangalia suala lako kwa upana. Kitu hiki kimeumbwa kitembee. Sisi tuliokulia ndani ya vigari hivi tunakuomba, usikifanye pambo. Watoto wana haki ya—

Sekela: Mlikulia ndani yake?

Mkaguzi: Naam. Mie mwenyewe niliteremka nacho mlima mzima.

Sekela: Basi naomba mnionyeshe kitu kimoja tu, wazee wangu. Breki yake iko wapi?

Spana akainama, akatazama chini ya bati. Ndani ya kigari kile alikuwa amegusa kila nati toka juzi. Akatazama tena. Kibali akakohoa. Mie nikatafuta kikombe changu, na kilikuwa mkononi. Mkaguzi, aliyeteremka mlima mpaka ziwani, alikuwa wa kwanza kuangalia chini.

Sekela: Kwangu Madale barabara inaanza getini inashuka mpaka korongoni. Nilimnunulia Wilbert kwa sababu mie utotoni nilikuwa nakiona kwa watu, nikasema mwanangu asikione kwa watu. Dada wa kazi kafungua geti atoe taka. Mtoto akatoka. Anakanyaga kwanza anacheka, halafu pedeli zikawa zinakwenda zenyewe zinampiga miguu. Nilikuwa dirishani. Nilimwona anageuza usukani, anageuza, ananiita.

Mashaka: Yarabi! Yu hai?

Sekela: Yu hai. Kavunjika mguu, kafungwa hogo mguu mzima. Baba yake alitaka kigari kiuzwe chuma chakavu, lakini mtoto halali, kutwa analilia gari lake. Basi nikasema kikae sebuleni, akae ndani yake, apige honi. Lakini kisisogee hata hatua, nikiwa hai. Ndiyo maana nimekuja kwa fundi.

Nikakiweka kikombe chini. Kwa umri wetu na maneno yetu yote, na ushuru, na jini, na watu wa simu, hakuna aliyefikiria mlima. Huku kwetu tambarare. Huku ukiacha kukanyaga, mchanga unakushika.

Spana alikuwa bado amechuchumaa. Alijibu akiwa ameangalia magurudumu.

Spana: Dada, breki tulikuwa sie.

Sekela: Nyie kina nani?

Spana: Tuliokuwa nyuma. Kikishika kasi tunakishika wote, tunavuta. Benson hajawahi kuanguka hata siku moja. Mie nilikuwa najua nasukuma tu, kumbe nilikuwa breki. Mwanao nyuma yake alikuwepo nani?

Sekela: Kule kila mtu na geti lake, baba. Alikuwa peke yake.

Spana akakirudisha kigari karakanani, akafuta ile grisi yote kwa kitambaa, akawasha mashine. Sote tukageuza nyuso, maana mwanga ule hauangaliwi. Ukawaka mara moja, ukazimika, ukawaka tena, ukazimika.

Spana: Nimekigusa sehemu mbili tu. Kimeshika, hakisogei, kijaribu mwenyewe. Ila hogo likitolewa na mguu ukawa na nguvu, mlete huku tambarare. Hizi mbili nazikata mara moja.

Sekela akakisukuma kwa mikono yote miwili. Hakikusogea. Akashusha pumzi, akatutazama pale kwenye benchi, mmoja mmoja, mvi zetu na matumbo yetu.

Sekela: Na nyuma atamshika nani?

Mashaka alikuwa ameinamisha birika, linatoa matone ya mwisho, na matone hayo alikuwa anamtilia Sekela. Mkaguzi akafungua kile kifungo cha shati alichokifunga kwa ajili ya hotuba.

Mkaguzi: Mie. Naijua kazi hiyo. Kule misheni nilikuwa nyuma, mama. Sikuwahi kupewa kukaa.

Kibali akainua mkono.

Kibali: Na mie.