Duara la Kahawa Kichwani mwa Padri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, Madamu Mkuu wa shule, walimu, wazazi, wanafunzi wenzangu wa Nakivale, na wewe Papa Claude, mlinzi wetu, unayehamia leo Ruti, kule Mbarara, kwa binti yako: hamjambo wote. Mimi ni Alida. Nikikosea mniwie radhi. Madamu alinichagua kwa kuwa siongei mengi. Leo atajuta.

Mnaikumbuka picha ya padri aliyeanzisha shule? Muhula uliopita ilikutwa mezani ofisini, duara la kahawia limemzunguka kichwa. Mama Annonciata wa jikoni akapiga ishara ya msalaba: "Padri amekuwa mtakatifu!" Madamu, wewe ukasema, "Utakatifu gani? Hapa mtu ametua kikombe." Kifuniko cha themosi ya Papa Claude, ndicho kikombe chake, kikapimwa juu ya duara, kikaenea sawasawa.

"Madamu, miye nakunywaka chai tu!"

"Duara ni duara, Claude!"

Themosi ikafungiwa kabatini mpaka leo, na mzee akalinda lango kwa kiu na aibu.

Basi mwezi uliopita tulipelekwa Mbarara kwenye maonyesho ya sayansi. Mwalimu Rwakabuba wa huko alidondosha kahawa juu ya kioo, bila kikombe chochote. Tukangoja. Ukingo wa tone uling'ang'ania kioo, na hapo ndipo maji yalipokauka mbio zaidi. Maji ya katikati yakakimbilia pembeni kujaza fasi hiyo iliyokauka, yakibeba chembe za kahawa. Lilipokauka, duara! Pembeni jeusi, katikati hafifu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nililia.

"Binti, sayansi imekugusa hivyo?" Mwalimu Rwakabuba akaniuliza.

Haikuwa sayansi, ndugu zangu. Kama kahawa hujichorea duara yenyewe, kikombe cha mzee kina kosa gani? Na nani alijipenyeza ofisini asubuhi ile, akainua birika la kahawa la walimu na kunywea kwenye mdomo wa birika, kahawa ikammwagikia padri? Ni mimi. Sikufuta. Niliona haya kumpangusa padri usoni.

Papa Claude, nisamehe. Lango ulilinda vizuri. Mwizi alikuwa ndani, amevaa sare.

Madamu, gari la Ruti linangoja, na ufunguo wa kabati nauona shingoni mwako. Naomba tusimpigie mzee makofi kabla themosi haijafika mkononi mwake. Chai nimeshachemsha mwenyewe. Adhabu yangu nitaifuata kesho saa mbili kamili. Kwa leo, asanteni kwa kunisikiliza hadi tone la mwisho.